Mistari Miwili ya Mama Yohana

Kitu cha kwanza nilichokabidhiwa kazini hakikuwa kalamu wala muhuri. Kilikuwa sindano ya kushonea magunia. Mzee Bura, karani mkuu wa masijala katika mahakama yetu ya mwanzo, alinipa sindano hiyo pamoja na kibunda cha uzi wa katani, akanionyesha lundo la majalada yaliyofumuka migongo. "Anza na haya," akasema. "Ukimaliza utakuwa umeshajua watu wa hapa wanagombania nini." Mimi ni mzaliwa wa Korogwe, kwenye kambi za mkonge, na katani niliijua kabla sijajua kusoma. Nikajiona nimefika nyumbani. Sikujua kwamba kushona ndiyo ilikuwa sehemu rahisi ya kazi.

Irene, wewe na wenzako mliobaki dirishani, siku ya kuniaga mliniomba niwaandikie kidogo mambo ya zamani. Nilicheka, nikasema karani huandika maneno ya watu wengine tu. Lakini nimekaa nyumbani Maisaka miezi mitano sasa, na kila asubuhi saa kumi na moja na nusu naamka, naipiga pasi blauzi nyeupe, halafu nakumbuka kwamba hakuna anayeningoja. Naikunja naiweka. Kesho yake naipiga pasi tena. Kwa hiyo naandika, maana nimeikumbuka kazi ile kuliko nilivyodhani mtu anaweza kuikumbuka ofisi yenye paa linalovuja.

Wakati naanza, Babati ilikuwa mji wa wilaya tu na mkoa wetu ulikuwa Arusha. Bajaji hazikuwepo. Mtu wa Dareda akitaka kufungua shauri alikuja kwa miguu au juu ya lori la mahindi, amevaa koti lake la kanisani, na akifika amekaukwa na koo. Mzee Bura alikuwa na mtungi wa maji nyuma ya mlango, na sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba hakuna mtu anayeulizwa jina kabla hajanywa maji. Mwezi wa saba upepo wa mlima Kwaraa ulipita chini ya mlango ukapeperusha karatasi, nasi tukazilaza chini kwa mawe yaliyookotwa ziwani. Mawe hayo mnayo mpaka leo. Yapo kwenye droo ya chini, msiyatupe.

Tulikuwa na taipureta moja iliyokatika herufi ya "d". Mahakama inayosikiliza madai, yenye mdai na mdaiwa, haina herufi nyingine inayoihitaji zaidi. Kila nakala ilipotoka tulikaa tukijaza "d" kwa kalamu, moja baada ya nyingine, na kama kulikuwa na kaboni tatu basi tulijaza mara nne. Leo nikifikiria michana ile, namwona Mzee Bura upande mmoja wa meza na mimi upande wa pili, tumeinama tunajaza herufi.

Alinifundisha kuandika maelezo ya mtu asiyejua kuandika. Mnajua kwamba kwenye mahakama ya mwanzo mtu huja na mdomo wake, karani akaugeuza kuwa karatasi. Mzee Bura alikuwa na utaratibu wake. Mara ya kwanza unamsikiliza mtu mpaka mwisho, na kalamu iko mezani, huigusi. Mara ya pili anaanza upya, ndipo unaandika. Kisha unamsomea polepole, anasahihisha, unamsomea tena, ndipo anabonyeza dole gumba. Chini yake unaandika: nimesomewa, nimeelewa, ni maneno yangu. Shauri moja lilikula saa mbili, na foleni ilifika mpaka kwenye ua.

"Mzee, hawa wengine wataondoka," nilimwambia siku moja.

"Wamekuja kutoka Bashnet kwa miguu," akajibu. "Wataondoka kwenda wapi?"

Tulipokea watu wa kila aina. Waliokuja na ugomvi wa mashamba ambao haukuwa wetu tuliwaelekeza kwenye baraza la ardhi, nao wakatulaani wakiwa bado mlangoni. Alikuja mzee mmoja wa Singe kumshitaki jirani yake kwa kutomsalimia tangu mavuno ya mbaazi ya mwaka juzi. Nilimweleza kwamba sheria haina kifungu cha salamu. Mzee Bura alimpa maji, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akatuma mtu sokoni kumwita jirani yule, aliyekuwa anauza maharage. Wakaketi pamoja kwenye benchi letu. Walipoondoka walikuwa wanabishana bei ya mbaazi, na Mzee Bura akaniambia shauri limekwisha, nisilifungulie jalada.

Haya yote nayasema kwa sababu nayapenda, na pia kwa sababu nachelewesha kusema moja nisilolipenda.

Ilikuwa mwezi wangu wa saba kazini, na nilikuwa bado sijathibitishwa. Mzee Bura alikwenda Dareda kuzika shemeji yake, akaniachia dirisha. Foleni ilikuwa ndefu. Nikajiambia kwamba leo wataona kazi ya mtu aliyesoma. Wa tano au wa sita alikuwa mama wa Singe, umri kama miaka hamsini, mrefu, amejifunga shuka jeusi begani. Jina lake Veronika, Mama Yohana. Nikamwamkia, akaitikia, akakataa maji, akaanza.

Kisa chake kilikuwa hiki. Zamani mume wake alimwekesha ng'ombe jike kwa rafiki yake huko Dareda. Ndiyo desturi ya watu wa hapa: huwaweki ng'ombe wako wote kwenye zizi moja, unampelekea rafiki mmoja amtunze. Yeye anakunywa maziwa, na baada ya vizazi kadhaa unampa ndama kwa shukrani, lakini ng'ombe na uzao wake wanabaki wako. Hakuna karatasi. Kuna urafiki, na kuna kumjua ng'ombe wako. Sasa mume alikuwa amekufa, rafiki naye amekufa, na mtoto wa rafiki, Emanueli, alisema ng'ombe wote zizini ni wa baba yake. Zizi la Mama Yohana lilikuwa tupu. Kaka za mume walikuwa wamekwisha, na dada zake hawakuwajua ng'ombe wale; hakuna shahidi.

"Sitaki wote," akaniambia. "Nataka mtamba mmoja tu arudi. Zizi la Baba Yohana lisiote majani."

Hapo nilitakiwa kuweka kalamu mezani. Sikuiweka. Nilikuwa na daftari langu la mistari la kuandikia rasimu, nikawa naandika huku anasema, haraka, na yeye akaingia kwenye ng'ombe. Ng'ombe wa kwanza alikuwa mwekundu, tumbo jeupe, pembe ya kushoto imeinamia jicho. Huyo akazaa jike mwenye baka jeupe begani, ukubwa wa kiganja cha mtu. Wa pili akazaa mwingine na baka lilelile, ila mkia wake mweupe nchani. Majike wote wa ukoo ule walitoka na baka begani, na mume wake aliwakata kipande cha sikio la kulia, upande wa mbele, kila alipokwenda kuwaona. Aliwataja mmoja mmoja mpaka wa sita, nani alizaa msimu wa njaa, nani alikataa kukamuliwa na mtu yeyote isipokuwa mke wa rafiki.

Mimi mtu wa Korogwe ng'ombe nilimjua kwa maziwa ya chai. Nilisikia mama anazunguka. Nilisikia foleni inakohoa. Kwenye hati safi, ile inayokwenda kwa hakimu na kwa mdaiwa, niliandika mistari miwili: mdai anadai mtamba mmoja kutoka uzao wa ng'ombe jike mwekundu aliyewekeshwa na marehemu mumewe kwa marehemu baba wa mdaiwa. Nikamsomea mara moja, kwa kasi ya redio.

"Ni hayo, mama?"

Aliniangalia. Alikuwa amesimama muda mrefu. "Wewe ndiye umesoma, mwanangu," akasema. "Kama imeingia yote, sawa."

Nikamshika mkono nikambonyeza dole gumba kwenye wino. Nimesomewa, nimeelewa, ni maneno yangu. Hakimu alipoiona hati ile aliniita akanisifu kwamba naandika kwa ufupi. Nilitembea na sifa hiyo wiki nzima.

Siku ya kusikiliza shauri mimi nilikuwa kwenye meza ya karani, chini ya hakimu. Mama Yohana alisimama akawataja ng'ombe wake tena, mmoja mmoja, na wale wazee wa baraza wawili wanaokaa na hakimu wakaanza kutikisa kichwa kwa kukubali, maana wao walikuwa watu wa hapa na walijua wanachosikia. Mzee mmoja akamuuliza Emanueli kama kuna ng'ombe wenye baka zizini kwake.

Emanueli alikuwa kijana mpole, wala hakupaza sauti. "Wapo," akasema. "Huyu mama alikuja kwangu kabla ya kushitaki, akasimama zizini akawaangalia ng'ombe zangu mpaka akatosheka. Hiyo baka ameiona siku hiyo. Mheshimiwa, soma madai yake niliyoletewa. Kuna baka? Kuna sikio? Kama alikuwa anaijua hii ng'ombe tangu zamani, mbona hakusema siku ya kwanza?"

Hakimu akasoma mistari yangu miwili kwa sauti. Haikuchukua muda.

"Mama," akamuuliza, "mbona haya hukuyasema ulipofungua shauri?"

Mama Yohana alifungua mdomo. Akaniangalia mimi, kisha akaangalia mikono yake. "Nadhani nilisema," akajibu, na sauti ilikuwa ndogo kuliko ile ya dirishani. Hakuna aliyeniuliza. Daftari lilikuwa kwenye droo, hatua tano kutoka nilipokaa. Nilikuwa bado sijathibitishwa kazini, na nikaangalia meza.

Wazee wa baraza walinong'ona na hakimu, lakini karatasi ilikuwa karatasi. Madai yake yakatupwa. Akaelezwa haki yake ya kukata rufaa na siku alizonazo, akashukuru, akajifunga shuka vizuri akatoka.

Jioni ile Mzee Bura aliniuliza swali moja tu. "Ulimsomea mara ngapi?" Nikalitoa daftari nikampa. Alisoma amesimama, akafungua ukurasa wa pili, akarudi wa kwanza. "Ng'ombe wote wapo humu," akasema. Hakunifokea, na mpaka leo natamani angenifokea. Alisema, "Ana siku za rufaa. Nenda Singe na hili daftari, mwambie. Mimi nitazungumza na hakimu juu ya kazi yako." Nikasema nitakwenda Jumamosi.

Jumamosi mvua ilinyesha. Iliyofuata mtoto wangu Neema alikuwa na homa. Iliyofuata sikuwa na sababu, nilikuwa na woga tu. Siku zikaisha. Mzee Bura hakuuliza tena, na mimi nikathibitishwa kazini.

Tangu hapo mnanijua. Niliacha kalamu mezani mpaka mtu amalize, nilisoma mara mbili, na kama aliitikia haraka nilisoma ya tatu. Mawakili waliofika kwa haraka zao walinipa jina, Karani Soma Tena, na nyinyi mkalirithi mkidhani sijui. Nilijua. Nililiona ni jina la haki, ila hakuna aliyejua limetoka wapi isipokuwa Mzee Bura, naye alistaafu, akafa, akazikwa Dareda. Tulikwenda na basi la kukodi. Kwenye jeneza nilitamani kuweka ile sindano ya magunia, lakini nikaona aibu mbele ya padri.

Miaka ikaenda. Tukapata mkoa, tukapata majengo, taipureta ikabebwa kwenda stoo, kompyuta ikaja. Sasa shauri linafunguliwa kwenye mfumo, na asiyejua anakwenda steshenari, kijana anamwandikia mistari mitatu na kumuuliza, "Kingine, mama?" huku mkono uko tayari kwenye kitufe. Siilaumu kompyuta. Mimi nilifanya hivyohivyo kwa kalamu ya wino. Nasema tu kwamba mtu akifika dirishani na karatasi iliyochapwa vizuri, mwambie akusimulie kwanza.

Siku ya mwisho nilikukabidhi wewe, Irene, funguo, muhuri na kidau cha wino, ukatia saini. Ukavuta droo ya chini ukakuta daftari lililofifia jalada. "Mama, hili ni la ofisi au lako?" Nikasema ni langu. Nilitamani sana liwe la ofisi.

Miezi minne nililiacha juu ya kabati. Mwezi uliopita, asubuhi, nilivaa blauzi ile nyeupe niliyokuwa nimeipiga pasi bure, nikachukua bajaji mpaka Singe. Nilidhani amekufa. Nilikuwa nimejiandaa kuongea na kaburi, jambo ambalo ni rahisi. Nikauliza kwa Mama Yohana, mtoto akanionyesha nyumba kwa kidole, na nilimkuta amekaa juani kwenye kigoda, macho yamefunikwa na ukungu, anapukuchua mbaazi kwa vidole. Nyuma yake palikuwa na zizi la nguzo zilizoinama. Ndani ya zizi palikuwa pamepandwa mahindi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ni nani wewe? Sauti siijui."

Nikamwambia mimi ni karani. Nikamweleza yote, nimesimama kama mshitakiwa: daftari, foleni, mistari miwili, droo, Jumamosi tatu. Alikuwa bado anapukuchua. Nilipomaliza, vidole vilisimama.

"Kwa hiyo nilisema," akasema.

"Ulisema, mama. Ulisema yote."

"Mimi nilisema!" Akapaza sauti kuelekea nyumba. "Yohana! Toka, Yohana!"

Mwanamume mwenye mvi akatoka na kikombe cha chai mkononi. Ni yeye aliyenieleza, baadaye, tulipokuwa tunatembea kwenda barabarani. Walipotoka mahakamani siku ile shangazi zake walimwambia mama yake kwamba amesahau kuwataja ng'ombe dirishani, kwamba kwa kusahau kwake zizi la kaka yao limekwisha. Na yeye aliamini. Kwa kuwa hakimu alisoma, na karatasi ilikuwa na dole lake, aliamini kwamba alisimama mbele ya karani akadhani anasema na kumbe hakusema. Tangu siku hiyo, Yohana alisema, mama hakuamini tena kumbukumbu zake. Kila harusi, kila ugomvi, wakimuuliza mambo ya zamani anajibu waulizeni wengine, mimi nasahau.

Mimi nilifikiri nimemnyima mtamba tu.

"Msomee huyu," Mama Yohana aliniambia. "Na yeye asikie."

Nikakaa chini kwenye gunia, nikafungua daftari. Nilisoma polepole, kama nilivyopaswa kusoma siku ile. Mwekundu, tumbo jeupe, pembe ya kushoto imeinamia jicho. Baka begani, ukubwa wa kiganja. Mkia mweupe nchani. Yohana aliweka kikombe chini. Nilipofika kwa ng'ombe wa nne, mama aliinua mkono.

"Hapana. Hapo umekosea. Huyo hakuzaa msimu wa njaa, alizaa kabla. Aliyezaa msimu wa njaa ni wa tano. Sahihisha."

Nikasahihisha. Nikamaliza mpaka wa sita na yule aliyekataa kukamuliwa, na mama akacheka peke yake, akisema ng'ombe yule alikuwa na kiburi kweli.

"Sasa naweka wapi dole?"

Nikapekua mkoba kutafuta kidau cha wino, kisha nikakumbuka nimekikabidhi. Yohana akaelewa kabla sijasema. Akaingia jikoni akarudi na sufuria, akaligeuza, masizi meusi tele. Nikamshika mama mkono, mwepesi sasa, ngozi na mifupa, nikampaka masizi dole gumba, nikalibonyeza chini ya ukurasa. Nikaandika: nimesomewa, nimeelewa, ni maneno yangu.

Yohana akauliza tunaipeleka wapi karatasi hii. Nikamwambia ukweli, kwamba kwa sheria haiendi popote, siku zilishapita zamani sana, na Emanueli aliuza ng'ombe wote akahama. Lakini daftari ni lake mama, nimelileta liwe lake.

Mama Yohana hakuwa anatusikiliza. Alikuwa amekigeuza kichwa upande wa zizi, kiganja chenye masizi kimelala juu ya ukurasa.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.